Unyoya wa Avakubi: Kutambua Ndege na Mimea katika Picha za Safari za Kongo

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Methali hiyo inafaa katika mambo mengi, lakini haimfai mtu aliyeketi mbele ya picha ya kale iliyopigwa msituni. Macho yake yataona mti, yataona ndege aliyeshikwa mkononi, yataona mtu aliyevaa kofia yenye manyoya. Lakini ni mti gani, ndege gani, unyoya wa ndege yupi, hayo macho peke yake hayawezi kuyajibu. Hapo lazima mwenye macho aambiwe. Swali la makala hii ni hili: aambiwe na nani?

Safari za uchunguzi zilizofanywa nchini Kongo tangu mwisho wa karne ya 19 zimetuachia maelfu ya picha. Nyingi ziko mbali nasi, katika makumbusho ya Tervuren na New York. Wanahistoria huzitumia ili kujifunza habari za watu: wafalme, askari, wapagazi, nyumba na silaha. Ndege na mimea iliyomo hupitwa upesi, kana kwamba ni pazia tu lililotundikwa nyuma ya watu. Tunaonelea kuwa hiyo ni hasara. Mmea uliotambuliwa vema unaweza kusahihisha tarehe ya picha. Unyoya uliotambuliwa vema unaweza kusahihisha elimu nzima. Tutaanza na kisa cha unyoya mmoja, kisha tutazame kamera yenyewe, halafu mimea, na mwisho tuseme neno juu ya wajibu wa lugha yetu.

1. Unyoya mmoja na miaka 23

Mwaka 1909 Makumbusho ya Historia ya Asili ya Marekani, yaliyoko New York, yaliwatuma Kongo watu wawili. Wa kwanza ni Herbert Lang, mzaliwa wa Ujerumani, aliyekuwa mkuu wa msafara na mpiga picha wake. Wa pili ni James Chapin, kijana ambaye alipoondoka kwao alikuwa bado hajatimiza miaka 20. Walitazamiwa kurudi baada ya muda mfupi, wakiwa na okapi na wanyama wengine kwa ajili ya makumbusho yao. Kazi ikawa kubwa kuliko ilivyokadiriwa, na msafara ukamalizika mwaka 1915. Lang alipiga picha zaidi ya 9,000; Chapin alikusanya ndege na kuwachora kwa rangi. Mizigo yao yote ilisafiri juu ya vichwa na mabega ya maelfu ya wapagazi wa Kikongo, ambao majina yao hayakuandikwa.

Mwaka 1913 Chapin alikuwa Avakubi, kituo kilichoko kando ya mto Ituri, katika nchi ambayo wafanyabiashara wa pembe waliotoka Maniema walikuwa wameifikia tangu miaka ya 1880. Huko aliona pambo la kichwa lililochomekwa manyoya. Unyoya mmoja ulimshangaza. Ulikuwa wa bawa, wenye rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, na milia myeusi. Kufikia wakati huo Chapin alikuwa amewashika ndege wa msitu ule kwa mamia, lakini unyoya huu hakuweza kuufananisha na wa ndege yeyote aliyemjua. Akauchukua hadi New York, na huko pia haukupata mwenyewe.

Ikapita miaka 23. Mwaka 1936 Chapin alikuwa Tervuren, akitayarisha sehemu nyingine ya kitabu chake juu ya ndege wa Kongo, ambacho sehemu yake ya kwanza ilikuwa imetoka mwaka 1932. Siku moja, katika ujia wa makumbusho, aliona juu ya kabati ndege wawili wa kale waliokaushwa na kujazwa. Kibandiko chao kilisema kuwa ni tausi wa kawaida, yaani tausi wa Bara Hindi, wachanga, walioletwa kutoka nje. Walikuwa wametolewa kwa makumbusho mwaka 1914 na Kampuni ya Kasai. Chapin alipotazama bawa la jike, aliuona unyoya wake wa Avakubi. Mnamo Novemba 1936 alimtangaza ndege huyo kwa wataalamu kwa jina la Afropavo congensis. Mwaka 1937 alirudi Kongo, na katika misitu iliyoko mashariki ya Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, akiongozwa na wenyeji, alimpata ndege huyo akiwa hai.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama sifa ya kumbukumbu ya mtu mmoja, na kwa kweli anastahili sifa. Lakini mwanahistoria anapaswa kuuliza maswali mengine mawili. Kwanza, ilikuwaje ndege wawili wakae zaidi ya miaka 20 mbele ya macho ya wataalamu bila ya kutambuliwa? Jibu ni kwamba kibandiko kilikuwa kimekwisha kusema. Kila msomi wa Ulaya alijua kuwa tausi ni ndege wa Asia. Basi tausi akionekana katika mizigo ya Kongo, sharti awe ameletwa na watu. Elimu ndiyo iliyofumba macho. Pili, yuko wapi mtu aliyelivaa pambo lile? Yeye, au aliyemwindia, alimjua ndege mzima: sauti yake, chakula chake, na mahali anapolala. Kwake hapakuwa na fumbo lolote. Fumbo la miaka 23 lilikuwa fumbo la New York na Tervuren, si fumbo la Ituri.

2. Mishipi ya okapi

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1890 Stanley aliandika kuwa Wambuti wa Ituri walimjua mnyama mfano wa punda. Harry Johnston, aliyekuwa mtawala wa Kiingereza huko Uganda, alilifuatia jambo hilo kufikia mwaka 1900. Aliingia msituni, na wenyeji wakamwonyesha nyayo za mnyama yule. Nyayo zilikuwa za kwato zilizopasuka katikati, kama za ng'ombe. Johnston hakuwaamini. Alikuwa akitafuta mnyama wa jamii ya farasi, na farasi hana kwato za namna hiyo. Akadhani kuwa wanamwonyesha nyayo za mnyama mwingine.

Alichopata ni vipande viwili vya ngozi yenye milia, vilivyokuwa vimefanywa mishipi. Vilipelekwa London, na kwa ushahidi wa milia hiyo mnyama akapewa mwaka 1901 jina la Equus johnstoni, yaani akahesabiwa pamoja na punda milia. Baadaye ilifika ngozi nzima pamoja na mafuvu mawili. Hapo ikajulikana kuwa si farasi wala punda, bali ni jamaa wa twiga, na katika mwaka huohuo akaitwa Okapia. Wenye msitu walikuwa wamesema kweli tangu mwanzo: kwato zake zimepasuka.

Funzo la mishipi ile lahusu picha pia. Picha ni kipande. Inatuonyesha upande mmoja wa kitu kimoja kwa dakika moja. Anayekitazama kipande hukamilisha sehemu iliyobaki kwa mawazo yake mwenyewe, na mawazo hayo hutoka katika yale aliyokwisha kuyajua. Aliyezoea punda milia ataona punda milia.

3. Kamera huonyesha na kuficha

Mwanafunzi wa leo amezoea picha za rangi, tena zinazopigwa kwa simu. Kwa hiyo husahau kuwa picha za kale hazikupungukiwa na rangi tu, bali zilizipotosha. Mabamba mengi ya kioo ya zama zile yaliathiriwa sana na mwanga wa buluu, na kidogo sana na mwanga mwekundu. Matokeo yake ni kwamba kitu cha buluu chaweza kutoka kikiwa cheupe, na kitu chekundu kikatoka cheusi.

Tuchukue mfano wa Wamangbetu, ambao Lang aliwapiga picha nyingi katika nchi ya Uele. Wakuu wao walivaa kofia zilizopambwa kwa manyoya, na miongoni mwa manyoya yaliyothaminiwa ni yale mekundu ya mkia wa kasuku wa kijivu. Wekundu ule ndio uliokuwa fahari yenyewe. Katika picha, fahari hiyo yaweza kuonekana kama shada la manyoya meusi, na mtazamaji asiyejua akaandika kuwa ni ya ndege mweusi. Mfano wa pili ni shorobo wa Ross, anayejulikana katika misitu ya kando ya mito ya Katanga. Mwili wake ni wa zambarau iliyoiva inayoelekea buluu, na mabawa yake yana wekundu mkali. Rangi hiyo nyekundu ina jambo la kuwafurahisha watu wa mkoa wa madini: ndani yake mna shaba, ambayo ndege huipata katika chakula chake. Bamba la kale laweza kuufanya mwili wake uonekane hafifu na wekundu wa bawa lake uonekane giza tupu, kinyume kabisa cha jinsi jicho linavyomwona angani.

Kwa sababu hizo, anayetambua ndege katika picha za kale asianze na rangi. Aanze na umbo: mdomo ni mfupi au mrefu, umenyooka au umepinda, miguu ina urefu gani ikilinganishwa na mwili, mkia ni wa namna gani, kuna kishungi au hakuna. Hondohondo atatambulika mara moja kwa mdomo wake mkubwa, mara nyingi wenye kilemba cha mfupa juu yake, lakini kusema ni hondohondo yupi kati ya aina zote za msituni ni kazi nyingine. Mtambuaji mwaminifu husimama pale ushahidi unaposimama. Kuandika "hondohondo, aina haikujulikana" si aibu. Aibu ni kuandika jina la Kilatini lililo kamili kwa kubahatisha, maana jina hilo likiisha kuchapishwa litanakiliwa na wengi, kama kibandiko cha Tervuren.

Kisha kuna suala la ukubwa. Ndege aliyewekwa karibu na kamera huonekana mkubwa kuliko mtu aliyesimama nyuma. Mkono wa mwanadamu ukiwemo pichani, basi mkono huo ndio kipimo chetu. Wengi katika watu waliopigwa picha wakiwa wameshika ndege waliwekwa pale kama vipimo. Sisi tunaowatazama leo tuna haki ya kuuliza pia walikuwa akina nani, na walimwitaje ndege waliyemshika.

4. Mmea kama tarehe

Mimea ina ugumu wake. Mti mzima ukipigwa picha kwa mbali, majani hayaonekani vizuri. Maua na matunda, ambayo ndiyo ushahidi bora, huenda hayakuwa msimu wake. Mara nyingi twaweza kufikia ukoo wa mti tu. Njia iliyo salama ilionyeshwa mapema na Émile Laurent, profesa wa Gembloux, aliyesafiri Kongo mwaka 1903 na 1904. Laurent alikusanya mimea mikavu, akaandika maelezo, akapiga na picha. Alifariki mwaka 1904 akiwa njiani kurudi kwao. Vitu vyake vikachunguzwa na Émile De Wildeman, aliyevichapisha huko Brussels kati ya mwaka 1905 na 1907. Picha, sampuli na maelezo vilitoa ushahidi kwa pamoja, na kila kimoja kikausahihisha kingine. Jina lake limo hata leo katika Millettia laurentii, mti wa wenge, ambao mbao zake nyeusi zinajulikana duniani kote. Hata hivyo majina nayo hayadumu yote. Kahawa aliyoikusanya katika safari iliyotangulia iliitwa Coffea laurentii mwaka 1900. Leo wataalamu huihesabu kuwa ni ileile Coffea canephora, yaani robusta.

Kwa mwanahistoria faida kubwa ya mmea ni kwamba mimea mingi ina tarehe ya kuingia nchini. Tuchukue gugu-maji, lile lenye maua ya zambarau linaloelea kwa mafungu juu ya mto Kongo. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na lilienea katika mto wetu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ukipewa picha ya mashua katika mto huo ikiwa imezungukwa na magugu hayo, na nyuma yake pameandikwa mwaka 1930, basi usisite: maandishi yamekosea. Vivyo hivyo mijakaranda ya Lubumbashi, inayotandaza maua yake barabarani kabla ya mvua, ni wageni kutoka Amerika ya Kusini waliopandwa katika mji ulioanzishwa mwaka 1910. Hauwezi kuwa uthibitisho wa jambo lililotangulia mji wenyewe.

Mwembe unahitaji uangalifu zaidi. Ni mti wa Asia ya Kusini, na katika Maniema unahusishwa na misafara iliyotoka pwani ya Afrika ya Mashariki, ambayo iliingiza pia kilimo cha mpunga katika nchi za Nyangwe na Kasongo. Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kufika. Kwa hiyo picha ya zamani ya miembe minene mahali ambapo leo hapana kijiji yaweza kuwa alama ya makao ya Wangwana. Lakini isemwe "yaweza", isisemwe "ni". Watawala wa kikoloni na wamisionari nao walipanda miembe kandokando ya barabara zao. Unene wa shina, mpangilio wa miti na habari za wazee ndivyo vitakavyoamua. Mti mmoja haufanyi historia, kama vile unyoya mmoja, kabla ya kulinganishwa, haukufanya ndege.

5. Kutoka Avakubi hadi Opala

Je, mambo yamebadilika tangu siku za Chapin? Kisa cha Opala, katika mkoa wa Tshopo wa leo, kinatupa jibu lenye pande mbili. Mwezi Juni 2007 watafiti waliokuwa wakichunguza misitu iliyoko kati ya mito Tshuapa, Lomami na Lualaba walikuta mjini Opala kima mchanga wa kike aliyefugwa na mkurugenzi wa shule ya msingi. Uso wake haukufanana na wa kima yeyote aliyejulikana kwa wataalamu. Wakampiga picha, na picha zikapelekwa mbali kwa uchunguzi. Wenyeji walipoulizwa walijibu bila shida: huyu ni lesula. Wawindaji walimjua siku zote. Baada ya uchunguzi wa miaka kadhaa, wa msituni na wa maabara, alitangazwa mwaka 2012 kwa jina la Cercopithecus lomamiensis. Mwaka 2016 Hifadhi ya Taifa ya Lomami ikaanzishwa, na sehemu ya makao yake ikapata ulinzi wa sheria.

Tazama tofauti. Unyoya wa Avakubi ulisafiri bila jina, ukakaa kimya miaka 23. Picha ya Opala ilisafiri pamoja na jina lake, na haikuchukua hata miaka mitano na nusu kupata mahali pake katika elimu ya dunia. Ni kweli kuwa vyombo vya siku hizi ni bora kuliko vile vya mwaka 1913. Lakini watafiti wa Opala walifanya pia jambo ambalo halihitaji chombo chochote: waliuliza, wakaandika jibu. Jina la lesula limebaki, kama lile la okapi lilivyobaki.

Leo kuna kamera zinazofungwa mitini na kujipiga zenyewe mnyama apitapo, na tausi wa Kongo ameonekana ndani yake mara nyingi. Kuna pia programu za simu zinazopendekeza jina la ndege au mmea mara tu mtu anapozipa picha. Ni msaada mzuri. Lakini programu hujibu kwa kulinganisha na picha ilizokwisha kupewa, na picha za misitu yetu ni chache kuliko za Ulaya na Marekani. Mahali picha zilipo chache, chombo nacho kitaona punda milia mahali pa okapi. Tukikiamini bila kuuliza, tutabandika upya kibandiko cha mwaka 1914.

6. Wajibu wa lugha

Hapa ndipo somo hili linapoingia katika Kiswahili. Ndege wa Avakubi sisi humwita tausi wa Kongo. Tausi ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, nalo lilikuwa la ndege wa Bara Hindi. Basi ndege aliyezaliwa katika misitu yetu, asiyepatikana porini katika nchi nyingine yoyote, tunamwita kwa jina la kukopa lililokopwa tena, hali lugha za Tshopo na Maniema zina majina yake. Hatusemi kuwa jina la tausi lifutwe. Twasema kuwa Kiswahili, kinachojivunia kukusanya maneno kutoka bandari nyingi, hakina sababu ya kuona haya kukopa kutoka msituni.

Kazi hiyo ina masharti yake. Jina la kienyeji halilingani daima na jina la Kilatini. Katika Kiswahili chenyewe kwale ni jina la aina nyingi za ndege, na yawezekana kijiji kimoja kikampa dume jina moja na jike jingine, hasa wakiwa wanatofautiana kwa rangi. Kwa hiyo mkusanyaji asiridhike na orodha ya maneno mawili, moja la Kilingala au la Kinyanga na jingine la Kilatini. Aandike nani alisema, wapi, kwa lugha gani, na alisema nini juu ya sauti, chakula na makao ya ndege huyo. Amwonyeshe mzee picha zaidi ya moja, asimwongoze kwa swali lenye jibu ndani yake. Akipewa majibu mawili yanayopingana, ayaandike yote mawili.

Hitimisho

Tuliuliza mwenye macho aambiwe na nani. Kisa cha Avakubi, cha mishipi ya okapi na cha Opala vyote vinajibu kwa kauli moja: aambiwe kwanza na yule anayekijua kitu kikiwa hai, kisha maneno hayo yapimwe kwa sampuli, kwa maandishi na kwa maabara. Kimoja bila ya kingine ni upofu wa jicho moja.

Picha za Lang zingalipo, na nyingi zimeanza kupatikana kwa njia ya intaneti. Watu waliomo hawapo tena, lakini wajukuu wao wapo, na baadhi yao bado wanawajua ndege wa msituni kwa sauti kabla ya kuwaona. Msitu unapokatwa na mzee anapofariki, ujuzi huo haubaki juu ya kabati ukimsubiri mtu apite miaka 20 baadaye. Mwanafunzi anayerudi nyumbani wakati wa likizo anaweza kuchukua picha chache, daftari na kalamu, akaketi na babu au bibi yake. Amwulize jina la ndege, aandike atakachosikia, na asisahau kuandika pia jina la aliyemjibu.